Kukua Si Kustawi: Tabianchi, Ukuaji na Kemia ya Miti

Katika mijadala ya mazingira inayoendelea Afrika Mashariki zimezoeleka kauli mbili ambazo haziwezi kukaa pamoja. Ya kwanza hudai kwamba hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, hivyo kadiri inavyozidi kujaa angani ndivyo misitu itakavyozidi kunawiri, na kwamba hofu ya wanasayansi imetiwa chumvi. Ya pili hudai kwamba joto na ukame vimekwisha kuihukumu miti, na kwamba kupanda mingine ni kazi bure. Kila kauli ina ushahidi wake, na ndiyo maana msomaji anayesoma leo kwamba misitu ya Ulaya ya kati inakua haraka kuliko ilivyokuwa mwaka 1960, kisha kesho akasoma kwamba mibuyu mikongwe ya kusini mwa Afrika imekufa, hubaki ameduwaa asijue ashike lipi.

Utata huu una gharama. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Na baadhi ya vijiji vyenye misitu ya jamii vimeingia mikataba ya muda mrefu inayohesabu kaboni itakayotunzwa na miti kwa miongo ijayo. Hesabu hizo zote husimama juu ya swali moja, nalo ni jinsi mti unavyokua katika hewa iliyobadilika na vitu unavyotumia kuujenga mwili wake. Nusu ya kwanza ya swali hilo ndiyo inayobishaniwa hadharani. Nusu ya pili, yaani kemia ya mti, huachwa kando, ilhali ndiyo inayoeleza ni kwa vipi pande mbili zinazobishana zinaweza kuwa zimeona kweli na bado zikakosea hitimisho.

Kilichobadilika, na jinsi mti unavyokipokea

Kabla ya mapinduzi ya viwanda, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu zipatazo 280 za hewa ya ukaa, gesi ambayo wanakemia huiita kabonidioksidi. Katika miaka ya 2020 kiwango hicho kimepita 420. Wastani wa joto la dunia nao umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi, na kila nyuzi moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia zipatazo 7. Jambo hili la mwisho halitajwi sana ingawa uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa hewa yenye joto huvuta maji kutoka majanini na udongoni kwa nguvu zaidi hata pale ambapo mvua haijapungua. Kwenye miji na viwanda huongezeka pia ozoni ya usawa wa ardhi, gesi inayounguza majani, ambayo huzaliwa jua linapoangazia mchanganyiko wa moshi wa injini na mivuke mingine, ikiwemo ile inayotoka kwenye miti yenyewe.

Mti hupokea mabadiliko haya kupitia usanisinuru, yaani utaratibu ambao jani hutumia nguvu ya jua kuunganisha hewa ya ukaa na maji ili kutengeneza sukari. Kazi ya kuinasa hewa ya ukaa hufanywa na rubisko, kimeng'enya (yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia) chenye udhaifu mmoja mkubwa: mara kwa mara hunasa oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na kila kosa la namna hiyo huugharimu mti nguvu na kaboni. Hewa ya ukaa inapokuwa nyingi, makosa hayo hupungua. Aidha, jani huingiza hewa kupitia stomata, vitundu vidogo mno ambavyo pia hupitisha mvuke wa maji kwenda nje, na hewa ya ukaa ikiwa tele jani huweza kuvifumba vitundu hivyo kwa kiasi na bado likapata riziki yake, hivyo mti ukaokoa maji. Mahindi, mtama na nyasi nyingi za savana zina njia yao ya kulikwepa kosa la rubisko, lakini karibu miti yote haina njia hiyo, na kwa sababu hiyo miti ndiyo inayotarajiwa kunufaika zaidi.

Daftari la mti, hata hivyo, lina ukurasa wa matumizi. Sehemu kubwa ya sukari huchomwa usiku na mchana katika upumuaji, ambao bila mti kuzoea hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, wakati usanisinuru wa miti mingi ya tropiki hufikia kilele baina ya nyuzi 25 na 30 au juu yake kidogo, kisha hushuka. Zaidi ya hayo, sukari peke yake haijengi mti. Kila jani jipya linadai nitrojeni ya kutengenezea protini, rubisko yenyewe ikiwa mdai mkubwa kuliko wote, na linadai fosforasi ya kusafirishia nguvu ndani ya seli; vitu hivi havitoki angani kwa wepesi ambao kwao kaboni hutoka. Ubishi wote unaofuata unatokana na ukweli huu, kwamba kitu kimoja kati ya vile ambavyo mti huvihitaji kimeongezwa kwa nusu nzima, na vingine vimebaki vilivyokuwa au vimepungua.

Hoja ya wanaotarajia misitu inawiri

Ushahidi mzito zaidi wa upande huu umetokana na majaribio ya wazi, ambamo mabomba yaliyosimikwa kuzunguka kipande cha msitu humwaga hewa ya ukaa ya ziada bila kuifungia miti ndani ya vioo au plastiki. Katika msitu wa Duke, North Carolina, misonobari ilipewa hewa hiyo kuanzia mwaka 1996 hadi 2010, na majaribio kama hayo yakafanyika Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, Rhinelander katika jimbo la Wisconsin, na nchini Italia. Matokeo ya sehemu hizo nne yalipounganishwa katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005, ilionekana kwamba hewa yenye sehemu zipatazo 550 za hewa ya ukaa katika milioni iliongeza uzalishaji wa msitu kwa asilimia zipatazo 23. Ilisemwa kwa haki kwamba hiyo ilikuwa misitu michanga, lakini hata mialoni yenye umri wa miaka ipatayo 180 huko Staffordshire, Uingereza, iliyoanza kupewa hewa ya ziada mwaka 2017, iliongeza utengenezaji wa mbao kwa wastani wa asilimia 9.8 katika miaka saba ya kwanza.

Barani Afrika kuna ushahidi wa namna nyingine, usio wa majaribio. Vipimo vya viwanja 244 vya msitu wa tropiki ambao haujakatwa, vilivyo katika nchi 11, vilionyesha kwamba katika miongo mitatu iliyoishia mwaka 2015 kila hekta iliongeza wastani wa tani 0.66 za kaboni kwa mwaka bila kulegea, wakati misitu ya Amazon ilikuwa imeanza kulegea tangu miaka ya 1990. Katika savana za kusini mwa bara, vichaka na migunga vimezidi kusonga mahali palipokuwa na nyasi, na majaribio ya miche ya migunga yameonyesha kwamba hewa ya ukaa ya ziada huiwezesha kuweka akiba kubwa zaidi ya wanga mizizini, hivyo kuchipua upya kwa nguvu baada ya kuunguzwa na moto.

Udhaifu wa hoja hii unafichuliwa na majaribio yaleyale yanayoijenga. Kule Oak Ridge, nyongeza iliyokuwa asilimia 24 katika miaka ya 2001 hadi 2003 ilishuka hadi asilimia 9 mwaka 2008, kwa sababu nitrojeni ya udongoni haikuweza kuendana na mahitaji ya miti iliyokuwa imechochewa kukua. Karibu na Sydney, Australia, ambako jaribio lilianza mwaka 2012 katika msitu wa mikaratusi uliokomaa juu ya udongo maskini wa fosforasi, miti ilinasa kaboni zaidi kwa asilimia zipatazo 12, lakini haikuongezeka unene kwa kiasi cha kupimika; kaboni ya ziada ilipita ndani ya miti, ikashuka mizizini, na sehemu kubwa ikarudi angani kwa pumzi za viumbe wa udongoni. Utafiti wa pete za miti ya tropiki kutoka Bolivia, Kamerun na Thailand, uliorudi nyuma miaka 150, ulikuta dalili za wazi kwamba miti imekuwa ikitumia maji yake kwa ufanisi mkubwa zaidi kadiri hewa ya ukaa ilivyoongezeka, lakini haukukuta dalili kwamba ilikua haraka zaidi.

Tofauti hizi zina mpangilio wake. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliolinganisha majaribio mengi ulionyesha kwamba mimea inayoshirikiana na kuvu wa aina ya ektomikoriza, ambao huivika ncha za mizizi kama ala na kuichimbia nitrojeni iliyofungwa ndani ya mboji, huendelea kunufaika kwa asilimia zipatazo 30 hata mahali penye nitrojeni kidogo, huku ile inayoshirikiana na kuvu wa aina nyingine ikikwama. Kwa wasomaji wa Tanzania jambo hili si la mbali, kwa maana miti mikuu ya miombo inashirikiana na kuvu wa kundi hilo la kwanza, na uyoga unaookotwa na kuuzwa barabarani Tabora na Iringa wakati wa masika kwa sehemu kubwa ni tunda la ushirikiano huo. Misitu ya mvua ya nyanda za chini, kwa upande mwingine, mingi ina miti ya kundi la pili na imesimama juu ya udongo mkongwe ambao mvua ya maelfu ya karne imeukamua fosforasi. Kuzungumza juu ya "misitu" kana kwamba yote itaitikia kwa namna moja ni kosa la kwanza la wenye matumaini.

Hoja ya wanaotarajia maangamizi

Upande wa pili huanza na maji. Ndani ya mbao mna mishipa myembamba ambamo maji hupanda kutoka mizizini hadi majanini yakivutwa na ukavu wa hewa ya juu, na safu hiyo ya maji haipaswi kukatika. Udongo ukikauka na hewa ikivuta kwa nguvu kupita kiasi, mapovu huingia mishipani na kuiziba, mti ukafa kwa kiu hata kama una wanga wa kutosha. Mti unaweza kujikinga kwa kufumba stomata, lakini ukizifumba kwa muda mrefu huacha kutengeneza sukari na kuanza kula akiba yake hadi njaa iumalize. Kwa hiyo mti ulio ukameni huchagua baina ya hatari mbili, na spishi mbalimbali zimechagua tofauti.

Katika msitu wa Caxiuanã, jimbo la Pará nchini Brazil, watafiti walitandaza paneli chini ya vilele vya miti ili kuzuia nusu ya mvua isifike ardhini. Baada ya miaka 13 uzito wa miti hai ulikuwa umepungua kwa asilimia zipatazo 40, na iliyotangulia kufa ilikuwa miti mikubwa, ile ambayo ndiyo yenye kaboni nyingi. Kuhusu joto, utafiti uliotumia vipimo vya setilaiti umeonyesha kwamba mitambo ya usanisinuru katika majani ya tropiki huanza kuharibika kwenye nyuzi zipatazo 46.7, kiwango ambacho kwa sasa hufikiwa na majani machache mno. Madhara ya joto, hata hivyo, hayasubiri kikomo hicho. Katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, takwimu za miongo kadhaa zimehusisha kila nyuzi moja iliyopanda katika joto la chini la usiku na upungufu wa kilo zipatazo 137 za kahawa ya arabika kwa hekta. Mkulima wa Kilimanjaro aliyeona mibuni yake ikibaki na majani mabichi huku gunia likipungua alikuwa akishuhudia jambo ambalo kipimo cha urefu na unene wa mti hakiwezi kulionyesha.

Hoja hii pia ina mapengo, na si madogo. Mibuyu mikongwe ndiyo mfano unaotajwa zaidi: ripoti ya mwaka 2018 ilieleza kwamba 9 kati ya 13 ya mikongwe kabisa, na 5 kati ya 6 ya mikubwa kabisa, ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu katika muda wa miaka 12, lakini watafiti walioiandika waliishuku tabianchi bila kudai kuwa wamethibitisha. Juu ya Kilimanjaro, mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa sababu ya moto, na moto huo ni mtoto wa wazazi wawili, ukavu wa hewa na mkono wa binadamu. Tena, ukame mkali na joto la El Niño ya mwaka 2015 na 2016 havikuizuia misitu ya tropiki ya Afrika iliyopimwa kuendelea kuongeza kaboni, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Inaelekea miti ya bara hili, ambalo limepitia vipindi vikavu mara nyingi katika historia yake ndefu, imechujwa kiasi cha kuustahimili ukame kuliko ile ya Amazon. Anayetabiri kifo cha kila msitu anapuuza uvumilivu uliokwisha kupimwa.

Kemia: mti uleule, vitu tofauti

Pande zote mbili hupima mti kwa ukubwa wake. Lakini mti uliopata kaboni kwa wingi bila kupata nitrojeni na madini kwa kiasi hichohicho hubadilika ndani hata kama kwa nje unaonekana vilevile. Majani yaliyokuzwa katika hewa ya ukaa ya ziada huwa na wanga mwingi zaidi na nitrojeni pungufu, kwa kawaida kwa zaidi ya asilimia 10, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nitrojeni ya jani imo katika protini, maana yake ni kwamba jani limekuwa chakula hafifu. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya vipimo vya aina 130 za mimea ulikuta kwamba hata madini mengine, yakiwemo chuma, zinki na kalisi, hupungua kwa wastani wa asilimia 8. Sababu mojawapo ni kuzimuliwa kwa madini na wingi wa wanga. Nyingine ni kwamba mti unaofumba stomata huvuta maji machache kutoka udongoni, na madini husafiri ndani ya maji hayo.

Kaboni iliyozidi huenda wapi? Dhana iliyotolewa mwaka 1983, inayojulikana kama uwiano wa kaboni na virutubisho, ilisema kwamba mti usioweza kuitumia kaboni kukua, kwa kukosa nitrojeni, huielekeza kwenye kemikali za kinga ambazo hazidai nitrojeni, hasa fenoli na tanini. Tanini ndiyo ile inayokausha ulimi wa anayetafuna tunda bichi, na ndiyo inayotolewa katika magome ya mikoko na ya miwati kwa ajili ya kusindikia ngozi. Ndani ya tumbo la mdudu au mnyama hushikamana na protini na kuifanya isimeng'enywe. Majaribio mengi yamekubaliana na dhana hiyo kwa upande wa hewa ya ukaa, kwani fenoli huongezeka, lakini spishi zisizoifuata zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2001 baadhi ya wanaikolojia walishauri iachwe. Joto nalo huvuta upande mwingine, kwa kuwa mara nyingi hupunguza fenoli na kuongeza terpeni, jamii ya kemikali zenye harufu ambamo mna mafuta ya mkaratusi na utomvu wa msonobari. Ukame mdogo huongeza kemikali za kinga kwa sababu ukuaji husimama kabla usanisinuru haujasimama, ilhali ukame mkali humaliza sukari na kinga pamoja. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyoonekana katika misitu ya misonobari ya magharibi mwa Amerika Kaskazini: miti iliyodhoofishwa na ukame haikuwa na utomvu wa kutosha kuwasukuma nje mbawakavu wanaotoboa magome, na wadudu hao, wakiwa wamepona kwa wingi katika majira ya baridi yasiyo na baridi kali, waliathiri zaidi ya hekta milioni 18 katika jimbo la British Columbia peke yake.

Ushahidi unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko wote umetoka Uganda, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale. Hapo majani ya miti ya msituni yalikuwa yamepimwa katika tafiti mbili za zamani, na watafiti waliporudi kuyapima tena, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika miaka 30 majani yaliyokomaa ya spishi 9 kati ya 10 yalikuwa yameongezeka nyuzinyuzi, kwa wastani wa asilimia 10, na katika miaka 15 majani machanga yalikuwa yameongezeka nyuzinyuzi kwa asilimia 15 na kupungukiwa protini kwa asilimia 6. Msitu wenyewe haukuwa umekatwa. Mbega wa Kibale huchagua majani yenye protini nyingi kulinganisha na nyuzinyuzi, na uhusiano unaojulikana baina ya uwiano huo na wingi wa mbega katika misitu ya Afrika na Asia ungetabiri kupungua kwao kwa asilimia 31. Upungufu huo haukuonekana wakati wa utafiti, na vipimo vya msituni, tofauti na vya majaribio, haviwezi kutenganisha kazi ya hewa ya ukaa na ile ya joto au ya mabadiliko ya mvua. Tahadhari hizo mbili ni za lazima, lakini haziondoi ukweli kwamba mtu aliyeupima msitu ule kwa unene wa mashina tu asingejua kwamba chakula kilichomo kimebadilika.

Lopé, nchini Gabon, inaonyesha sura nyingine ya jambo lilelile. Huko baadhi ya miti huhitaji usiku wenye joto lisilofika nyuzi 19 ndipo ichanue, na kati ya mwaka 1986 na 2018 uwezekano wa kukuta matunda yaliyoiva msituni ulishuka kwa asilimia 81. Afya ya miili ya tembo wa msituni, iliyopimwa kwa picha, ilishuka kwa asilimia 11 tangu mwaka 2008. Miti ilisimama, majani yalikuwa mabichi, na msitu ukawa na njaa ndani yake.

Mbao nazo hubadilika. Huko Ulaya ya kati, ambako miti ya misprusi na beech imeongeza kasi ya kukua kwa kiwango kikubwa tangu mwaka 1960, uzito wa mbao kwa ujazo umeshuka kwa asilimia 8 hadi 12 tangu mwaka 1900. Mbao nyepesi hubeba kaboni kidogo kwa kila mita ya ujazo, huvunjika kwa upepo kwa wepesi zaidi, na humpa seremala kazi hafifu.

Lipo pia jambo la mivuke, linalohitaji maneno machache. Mikaratusi, mialoni na michikichi hutoa isopreni, gesi ambayo huyasaidia majani kustahimili joto la ghafla na ambayo huongezeka sana joto linapopanda, ingawa hewa ya ukaa ya ziada huipunguza kwa kiasi. Msituni haina madhara makubwa; karibu na jiji lenye msongamano wa magari huungana na moshi wa magari hayo kuzaa ozoni, na jaribio la Rhinelander lilionyesha kwamba ozoni ya kutosha huweza kuifuta faida yote ambayo hewa ya ukaa imeuletea mti. Wanaopanga kupanda mikaratusi kandokando ya barabara za Nairobi au Dar es Salaam kwa ajili ya kusafisha hewa wangefaa kulijua hilo kabla ya kuchagua miche.

Kupima uzito wa hoja

Ushahidi ukiwekwa pamoja, wenye matumaini wako sahihi kuhusu kinachoingia mtini na wanakosea kuhusu kinachobaki. Ni kweli kwamba karibu miti yote hunasa kaboni zaidi katika hewa ya leo, hata ile ya Sydney. Lakini kaboni hiyo hugeuka mbao pale tu ambapo udongo unaweza kulipia sehemu yake, hudumu pale tu ambapo maji hayajakatika, na hata ikigeuka mbao huenda isikae muda mrefu, kwa maana uchambuzi wa pete za miti ya spishi nyingi, uliochapishwa mwaka 2020, umeonyesha kwamba miti inayokua haraka kwa kawaida hufa mapema. Wanaotabiri maangamizi, kwa upande wao, wanazijua vizuri hatari za joto na kiu, ila wanaichukulia misitu ya Afrika kana kwamba ni nakala ya Amazon. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ndilo lenye madhara makubwa zaidi kwa sasa, kwa sababu limekwisha kuingia katika mikataba na bajeti, na watakaobeba hasara yake ni wanakijiji waliotia saini.

Hasara hiyo inaweza kuelezwa kwa hesabu. Kaboni ya msitu haipimwi moja kwa moja. Hupimwa unene na urefu wa miti, kisha vipimo hivyo huzidishwa kwa uzito wa mbao uliochukuliwa katika majedwali yaliyotengenezwa miaka mingi iliyopita. Ikiwa mbao za sasa zimepungua uzito kwa kiasi kile cha Ulaya, hesabu itazidi ukweli kwa takriban kiasi hichohicho, na msitu utakuwa umeuza kaboni usiyokuwa nayo. Shamba la misonobari au mikaratusi hutoa tarakimu za kuvutia katika miaka yake ya mwanzo, na kwa mahitaji ya nguzo na mbao mashamba hayo yana nafasi yake halali, kwani bila ya hayo shoka litaingia kwenye msitu wa asili. Hata hivyo, msitu mkongwe wa milimani barani Afrika umepimwa na kukutwa na wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, kaboni ambayo tayari ipo, iliyojengwa na miti iliyokua polepole kwa mbao nzito. Shilingi iliyotengwa kwa ajili ya tabianchi hununua uhakika mkubwa zaidi inapoulinda msitu wa namna hiyo, Usambara, Udzungwa au Mau, kuliko inapopanda shamba jipya la spishi moja kwenye nyanda kavu.

Pale ambapo kupanda ni lazima, udongo na kuvu wake wanastahili kuulizwa kabla ya kasi ya mche. Mti wa miombo uliochipua kutoka kwenye kisiki una mizizi na kuvu tayari, na kuulinda dhidi ya moto na mifugo kwa miaka michache hugharimu kidogo kuliko kitalu. Mche uliohamishiwa kwenye udongo usio na kuvu wake utaishi katika hewa yenye kaboni tele na bado ukadumaa. Gharama ya uchaguzi huu ni subira, kwani miombo haikui kwa kasi ya mkaratusi, na kijiji kinachosubiri malipo kina haki ya kuelezwa hilo mapema badala ya kuligundua mwaka wa kumi.

Majaribio makubwa ya hewa ya ukaa yaliyotajwa humu yote yamefanyika nje ya Afrika, na kila moja limegharimu fedha nyingi. Kibale imeonyesha njia ya bei nafuu zaidi: vipimo vya nitrojeni na nyuzinyuzi katika majani, vilivyowekwa kwenye kumbukumbu pamoja na spishi na mahali, vikarudiwa baada ya miaka 15 na 30. Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro na Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho kina kituo chake cha utafiti ndani ya msitu wa Kibale, vina wataalamu wa kazi kama hiyo. Mikataba ya kaboni inayosainiwa sasa ingeweza kutenga sehemu ndogo ya mapato kwa ajili ya kupima, kila baada ya miaka mitano na kwa miti ileile iliyotiwa alama, uzito halisi wa mbao na kemia ya majani pamoja na unene wa shina, na takwimu hizo zikabaki mali ya kijiji chenye msitu.